Gitaa la Mashoto

Wateja walimwita Dada Kiberiti, naye hakulikataa jina. Alikuwa msusi, na katika chumba chake cha mbele, chenye kioo kirefu, viti viwili vya plastiki na benchi la wanaosubiri, hakuna aliyekaa bila kuunguzwa kidogo. Ukilalamika kwamba anavuta, anakujibu, "Uzuri unauma, shoga. Ukitaka kisichouma, nyoa." Ukichelewa, anakuuliza kama kichwa ulikiacha kitandani kimalizie usingizi. Lakini mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula, na nywele alizosuka zilikaa muda mrefu bila kutoa vinyweleo, basi watu waliuvumilia ulimi ili waupate mkono.

Huyo ndiye aliyemzaa Gogo.

Jina la Gogo mtoto hakupewa na jirani wala na mwalimu. Alipewa na mama yake mwenyewe, asubuhi moja ya haraka, binti akiwa bado mdogo. Alitumwa alete chai, akaimwaga yote juu ya nywele za bandia zilizokuwa zimeshachambuliwa na kupangwa. "Mtoto gani huyu! Gogo la mti lina akili kumshinda!" Wateja wakacheka, jina likabaki. Likamfuata shuleni. Hata baba yake, dereva wa lori aliyepita nyumbani kama mgeni wa harusi, akipiga simu aliuliza, "Gogo wangu hajambo?"

Na kwa kweli mtoto alikuwa mzito. Herufi zake zililala chali daftarini. Kikombe mkononi mwake kilikuwa na safari fupi. Wenzake wakimaliza kunakili ubaoni, yeye ndiyo kwanza anatafuta pa kuanzia. Mwalimu wa darasa alimwambia mama yake waziwazi, "Mama, huyu tumshukuru Mungu kwa uzima tu." Kiberiti aliipokea kauli ile kama kofi. Akarudi nayo nyumbani njia nzima ikimchoma, na kwa kuwa hakuweza kumpiga mwalimu, alimpiga mtoto.

Sasa, lilikuwepo jambo ambalo kila mtu nyumbani alilijua na hakuna aliyelitia maanani. Mtoto alikuwa mashoto. Tangu aanze kushika kijiko, mkono uliotangulia ulikuwa wa kushoto. Na tangu hapo shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ambaye alikuja kusaidia kulea kwa muda mfupi akasahau kuondoka, aliutangazia vita mkono ule.

"Mkono wa kushoto ni wa chooni," alisema. "Mtoto wa kike akimpa mtu kitu kwa mkono huo, tunaotukanwa ni sisi."

Dawa yake ilikuwa kitambaa. Wakati wa kula, na wakati wa kuandika kazi za shule, aliufunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha shuka kuukuu, fundo nyuma, mtoto asilifikie. Kiberiti alikuwa akiona. Alipita na beseni lake la maji ya moto, akaona, akaendelea na kazi. Kutwa alikuwa na vichwa vya watu mkononi, na mtu anayekupikia na kukuogeshea mtoto, utamwambia nini? Alichukulia ni adabu tu, kama kupiga mswaki. Hakuna aliyekaa chini akafikiri kwamba ukiufunga mkono wenye akili, kazi yote itafanywa na ule mjinga.

Ikatokea shangazi huyo, wifi yake Kiberiti, akaenda kumuuguza ndugu yao mwingine, akakawia. Mkono ukabaki huru.

Chumba cha nyuma ya saluni kilikuwa stoo. Huko kulikuwa na ndoo, magunia, feni mbovu, na gitaa la kaka yake Kiberiti, ambaye alilitundika ukutani alipokwenda kufanya kazi migodini, akaacha maagizo kwamba asiguse mtu. Hakuna aliyeligusa. Lilikuwa linakula vumbi kwa heshima.

Mchana mmoja wa mvua Kiberiti alikuwa anamsuka muuza mitumba, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ya kuita wateja sokoni ilimpa sauti ya kengele. Muuza mitumba akainua kidole.

"Dada Kiberiti, hebu ongeza redio yako. Hilo tangazo la sabuni nalipenda."

"Redio ipi? Hii mara ya mwisho kula betri nimeshasahau."

Wakasikiliza wote wawili. Tangazo la sabuni lilikuwa linaendelea nyuma ya ukuta, bila maneno, limenyooka, likifika mwisho linaanza tena.

Kiberiti aliweka kitana, akaenda akasukuma mlango wa stoo. Binti yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gitaa mapajani, amelishika kinyume na watu wote. Shingo ya gitaa ilielekea kulia, vidole vya mkono wa kulia vimebana nyuzi, na wa kushoto, ule wa chooni, ndio uliokuwa unacheza. Ulikuwa unakimbia juu ya nyuzi kama kuku anayedonoa punje.

"Nani kakufundisha?"

Mtoto aliruka, akataka kulirudisha ukutani. "Hakuna, mama. Samahani, mama."

"Sijakuambia uweke. Nimeuliza, nani?"

"Hakuna. Nililishika hivi, likakubali."

"Tangu lini?"

"Tangu shangazi aondoke."

"Na hilo tangazo umelipata wapi, na redio haina betri?"

"Linapigwa dukani, nikienda kununua chumvi."

Muuza mitumba alikuwa ameshafika mlangoni, upande mmoja wa kichwa umesukwa, wa pili umesimama kama ufagio. "Mwanangu, unajua lingine?"

Mtoto alimtazama, akainamisha kichwa, akaanza kupiga kitu ambacho Kiberiti hakukitambua mara moja. Muuza mitumba alikitambua. Akashika kifua.

"Jamani! Huo ni ule ninaouimba puani nikisukwa! Wimbo wa marehemu mama yangu! Na pale ninapokosea siku zote, kakosea na yeye!"

"Pale nimekosea makusudi," Gogo alisema kwa sauti ndogo. "Unavyoimba wewe ndivyo hivyo. Ila wenyewe nadhani unakwenda hivi." Akaupiga tena, safari hii pale mahali pakapita laini kama mafuta.

Muuza mitumba alicheka huku machozi yanamtoka. Kiberiti hakucheka. Angeulizwa kabla, angesema mama akigundua mtoto wake ana kipaji hufurahi. Yeye ilimpanda hasira, kutoka miguuni, ikaja mpaka kooni. Alikuwa anavitazama vidole. Ni vilevile vilivyomwaga chai! Vilevile vilivyochapwa kwa rula, vikaitwa vya gogo, na yeye mwenyewe akavibatiza. Kumbe gogo hakuzaliwa. Gogo alitengenezwa, hapa hapa nyumbani, kwa kipande cha shuka, mama mtu akipita na beseni.

Alirudi kwenye kiti akakamata kichwa cha mteja wake.

"Dada Kiberiti, unaning'oa!"

Kiberiti alilegeza mkono, akaendelea kusuka.

Kesho yake alilipeleka gitaa kwa fundi redio wa mtaani, aliyekuwa anatengeneza kila chenye waya. Fundi akazigeuza nyuzi, nene zikapanda juu, nyembamba zikashuka chini, akachonga upya kile kipande kidogo kinachozishikilia, ili mashoto alipige kama wengine wanavyopiga, ila kwa upande wake. Mtoto alilipokea kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemkemea.

Vita vilianza wifi aliporudi. Aliingia, akaweka mzigo, akamkuta binti anaandika kwa mkono wa kushoto, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshakwenda kuchukua kitambaa.

"Wifi, kiache hicho," Kiberiti alisema.

"Nikiache? Nimeondoka kidogo tu, mtoto ameshaharibika."

"Tazama daftari kwanza, ndipo useme ameharibika. Huo mwandiko umewahi kuuona?"

"Mwandiko hauolewi, wifi yangu. Kesho akimpa mkwe sahani kwa mkono huo, atamwonyesha daftari?"

"Mkwe akichagua mkono, aoe mkono, mwanangu amwache."

"Mimi ndiye niliyemlea!"

"Umemlea, na asante. Ukamfunga pia. Na mimi nilikuwa nakuangalia, kwa hiyo dhambi hiyo tugawane, tena fungu kubwa nipe mimi. Lakini kuanzia leo kitambaa hicho ukikishika, kifutie masufuria."

Wifi alipiga simu kwa kaka yake palepale. Dereva, huko alikokuwa, akamwomba mkewe ampe dada yake heshima yake. Kiberiti akamwambia heshima anayo, atampa pamoja na chakula chake kila siku, lakini mkono wa mtoto haumo kwenye sahani hiyo. Simu ikakatika, sijui mtandao, sijui hekima. Wifi alinuna mpaka uso ukabadilika umbo, lakini kitambaa hakikufungwa tena.

Kiberiti akadhani vita vimekwisha. Kumbe ile ilikuwa mikwaruzano ya jikoni.

Shuleni alikuwa ameletwa mwalimu wa muziki, kijana nadhifu, mkunjo wa suruali yake ungeweza kukata mkate. Alikuwa na magitaa ya shule na kazi moja kubwa. Ukumbi mpya ulikuwa unakaribia kufunguliwa, wageni wangekuja, na kikundi chake kingewapigia. Alimsikia Gogo akipiga gitaa lake wakati wa mapumziko, akamwingiza kikundini siku hiyohiyo. Mtoto alirudi nyumbani akala sahani mbili. Alikuwa anaongea! Mtoto aliyekuwa anajibu kwa kichwa, sasa alieleza nani anabana uzi vibaya, nani anakimbia mbele ya wenzake, na vile vitoto viwili vya darasa la chini ambavyo anavisaidia chini ya ngazi mpaka kengele inalia. Kiberiti alisikiliza huku anachambua nywele, akijifanya hasikilizi.

Kisha siku moja binti aliingia saluni mchana, gitaa mgongoni, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu.

"Mbona mapema? Leo si mazoezi?"

"Nimepewa kazi ya viti."

"Viti gani?"

"Kuvibeba na kuvipanga. Leo tumepangwa mstari, kama wageni wapo. Mwalimu amesema kama siwezi kushika gitaa kama wengine, niwe kundi la viti. Alinipa la shule, akanishikisha upande wao. Nikashindwa." Akameza mate. "Akasema, 'Kumbe jina lako halikukosewa.'"

Kwenye kiti alikuwa muuza mitumba yuleyule, upande mmoja tayari, mwingine bado. Kiberiti alikuwa ameshavua aproni.

"Unakwenda wapi?" muuza mitumba akauliza.

"Shule."

"Na mimi kichwa changu hiki?"

"Kije nacho."

Wakaenda watatu. Kiberiti mbele, mikono inang'aa mafuta ya nywele. Muuza mitumba nyuma yake na nusu kichwa wazi, anawaambia watu wa njiani, "Msinicheke, kuna msiba wa muziki." Mtoto alifuata mbali kidogo, kama hawajui.

Kikundi kilikuwa kimekaa kwenye ukumbi mpya unaonuka rangi. Mwalimu akawapokea kwa tabasamu. "Karibu mama. Tuongee ofisini."

"Ofisini nakwenda kufanya nini, na mimi nina kichwa cha mtu hapa kinangoja? Tuongelee hapahapa. Huyu mtoto hajui gitaa?"

"Mama, sijasema hajui. Anajua, tena sana. Lakini tazama mwenyewe." Akamwita binti, akamketisha katikati ya mstari na gitaa lake. Shingo za magitaa yote zilielekea upande mmoja. Ya kwake ikaelekea upande wa pili, ikakutana na ya jirani, zikagongana kama pembe za mbuzi. "Unaona? Wageni wakitazama, mstari umeharibika. Muziki ni nidhamu, mama."

"Wageni wanakuja kusikiliza, au kukagua gwaride?"

"Wanakuja kwa yote mawili."

"Basi waambie wafumbe macho! Mimi Gogo wangu—"

"Mama!" mtoto akamkata. Alikuwa amesimama, machozi yamemlenga. Hakuwa anamtazama mwalimu, alikuwa anamtazama mama yake. "Hata wewe?"

Swali hilo lilimchoma Kiberiti kuliko maneno yote ya mwalimu.

Mwalimu, akitaka kuonyesha kwamba kazi inaendelea, aligeukia vile vitoto viwili vilivyokaa pembeni, akakaa mbele yao na gitaa. "Haya, nifuateni." Vikamfuata, na kila akienda huku, vyenyewe vilikwenda kule. Akarudia. Akapandisha sauti. Kimoja kikaanza kunyonya kidole kilichoumia, kikamgeukia Gogo. "Dada, tuonyeshe wewe."

Binti alimtazama mwalimu, mwalimu akainua mabega. Akakaa mbele yao. Hakusema kitu, alipiga tu, polepole, na vitoto vikatembea naye, kidole kwa kidole, mpaka mwisho, bila kukosea.

Mwalimu alikuna shingo. Alitazama gitaa la binti, akatazama ya watoto, akarudia. "Ah," akasema. "Ni kioo. Mimi nikikaa mbele yao, wananiona kinyume. Yeye wanamwona kama wanajitazama wenyewe." Hapo, tumpe haki yake, aligundua mwenyewe, na aliona aibu kidogo. Lakini aibu ya mtu mwenye mkunjo wa suruali haikai muda mrefu. "Basi, mama, tumepata njia. Binti atanisaidia kuwafundisha wadogo. Siku ya wageni atakaa nyuma ya pazia, awe karibu nao. Kazi muhimu hiyo."

Kiberiti alikuwa amechoka. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na akasikia asante inapanda mdomoni mwake, ikamchukiza ladha yake.

"Sitaki," binti alisema.

Mwalimu alimgeukia.

"Unasemaje?" mwalimu akauliza.

"Nikiwafundisha, nakaa nao. Nisipokaa nao, siwafundishi. Na viti sibebi, mwalimu. Wabebe wote, tukishamaliza kupiga. Hapo nitabeba."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mwalimu. Naongea na mwalimu." Gitaa alilikamata imara. "Mimi sijashika vibaya. Nimeshika upande wangu. Nilifungwa huu mkono tangu mdogo, nikaitwa gogo, nikanyamaza. Sasa sinyamazi tena. Ukitaka unifukuze."

Tundu za pua zilikuwa zimemtanuka. Muuza mitumba akamminya Kiberiti mbavuni, akanong'ona, "Pua hizo nazijua mimi. Kila nikichelewa nazikuta kiberitini."

Kiberiti hakumsikia. Alikuwa anamtazama mtu ambaye ameishi naye nyumba moja na hakuwahi kukutana naye. Alikuwa tayari kumrukia mwalimu, mtoto akiguswa tu. Lakini mtoto hakuhitaji kutetewa. Vile vitoto viwili viliweka magitaa yao sakafuni, kimoja, kisha cha pili, bila kuambiwa na mtu.

Mwalimu alitazama magitaa yale sakafuni. Akatazama mstari wake. Akapumua.

"Utakaa mwisho kabisa, upande wa dirisha," alisema kwa ukali, kama anayetoa adhabu. "Shingo ya gitaa lako itoke nje ya mstari. Isimguse mtu. Na useme samahani kwa kunipandishia sauti."

"Samahani kwa sauti, mwalimu," binti alisema. Mengine hakuyaombea samahani. Akaenda kukaa mwisho, upande wa dirisha.

Kiberiti alikuwa na la kuongeza, tena la nguvu, kuhusu suruali na akili. Binti aligeuka akalisoma usoni mwake kabla halijatoka.

"Mama, nenda kazini."

"Naenda, mwanangu."

Njiani muuza mitumba alicheka mpaka akashika ukuta. "Umefukuzwa, Dada Kiberiti! Umefukuzwa na wewe mwenyewe!" Kiberiti alitembea mbele bila kugeuka. Bado alikuwa na hasira, nyingi tu: kwa mwalimu wa leo, kwa yule wa 'uzima tu', kwa wifi, kwa yule mwanamke wa beseni. Alimaliza kichwa cha shoga yake, na mistari ilinyooka hata kuliko siku zote.

Siku ya wageni aliketi viti vya nyuma, yeye, muuza mitumba, na wifi, aliyekuja akisema amekuja kuuona ukumbi. Watoto waliingia wakakaa. Shingo zote zikaelekea huku, ya mwisho ikaelekea kule, nje ya mstari. Mbele yao bwana mmoja mwenye koti alimwinamia mkewe.

"Yule wa mwisho ameshika vibaya. Hawakumwelekeza?"

Kiberiti alianza kuinuka. Muuza mitumba akamdaka mkono, lakini aliyemwahi alikuwa wifi. Alinyoosha shingo mpaka kwenye sikio la bwana yule.

"Hajashika vibaya," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mstari wa mbele. "Ni mashoto. Nyamaza tumsikie."